Dawa ya Meno Isibebeshwe Dhambi ya Maji

Umezuka mtindo miongoni mwa wasomi wetu, hasa wale wa mijini wenye tabia ya kusoma maandishi ya kila kopo wanalolinunua, wa kuikimbia dawa ya meno yenye floridi. Utawasikia ofisini wakati wa chai, na utawasikia katika chumba cha walimu. Husema kwa sauti ya mtu aliyefumbua siri kubwa kwamba floridi ni sumu, kwamba Wamarekani wenyewe wameanza kuikataa, na kwamba mzazi mwenye akili humnunulia mwanawe dawa "ya asili", ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa haina floridi hata chembe. Wakitakiwa watoe ushahidi, hawaendi mbali. Hunyoosha kidole upande wa kaskazini na kuuliza: "Kwani hamjayaona meno ya watu wa Arusha?"

Hoja hii ina ladha ya ukweli, na hatari yake imo humo humo. Uwongo mtupu haumpati mwalimu wala afisa wa serikali. Kinachompata ni ukweli uliochukuliwa mahali pake na kupachikwa mahali pengine. Ni kweli kwamba floridi huharibu meno. Ni kweli vile vile kwamba floridi huyalinda meno. Asiyeweza kuyabeba maneno haya mawili kwa pamoja, na akaendelea kutoa ushauri kwa akina mama kliniki na barazani, anawadhuru watoto wa watu.

Basi tuanze huko huko Arusha, maana ndiko wanakotupeleka.

Maji ya miteremko ya Mlima Meru, na ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hupita katika miamba na majivu ya volkano yenye floridi kwa wingi. Katika maziwa ya Momella floridi hufikia mamia ya miligramu kwa lita, ingawa hakuna mtu anywaye maji hayo. Lakini vijito, visima na chemchemi zinywewazo na wananchi katika wilaya hizo zimekuwa, kwa miaka mingi, na floridi kupita kiasi kikubwa kile ambacho Shirika la Afya Duniani limekiona kuwa ndio mwisho wa usalama, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Serikali ilipokabiliwa na jambo hilo mwaka 1974, ilijua kwamba kukishika kipimo cha kimataifa kungekuwa sawa na kuvifunga visima vya watu wengi bila kuwa na vingine vya kuwapa. Ikaweka kipimo cha muda cha miligramu 8 kwa lita. Baadaye kikashushwa hadi 4, na hatimaye kikafika 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, katika nchi ya Wameru, kimefanya kazi ya kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo mama wa nyumbani anaweza kuitumia kwa ndoo mbili.

Hesabu hiyo ya miligramu 8 iwekwe akilini, tutaihitaji punde.

Mtoto anayekunywa maji hayo tangu utotoni huyameza. Floridi huingia tumboni, ikapita katika damu, ikafika kwenye taya ambamo meno yake ya ukubwani yangali yanajengwa, hayajatoka. Jino hilo huumbwa vibaya. Likichomoza, huwa na madoa meupe kama chokaa, au rangi ya kahawia, na likizidiwa sana gamba lake la nje huwa na vitundu na kubanduka. Floridi ikizidi zaidi na kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika, miguu ikapinda. Tuongeze na magadi, ambayo wengi wetu tunayatia katika maharage na makande ili yaive upesi. Nayo hubeba floridi, nyingine nyingi. Hayo yote ni madhara ya kumeza, na ya kumeza katika umri ambapo meno yangali yanaumbwa, yaani tangu kuzaliwa hadi kiasi cha miaka minane. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kukamilika hawezi kuyapata madoa hayo hata akipiga mswaki mara kumi kwa siku. Hili peke yake lingetosha kumnyamazisha yule afisa wa miaka arobaini anayeikwepa dawa ya meno kwa kuogopa meno ya kahawia. Lakini hanyamazi.

Hutokea mwingine, mjuzi zaidi kidogo, akasema: maji yana miligramu moja au mbili, na dawa ya meno ina sehemu 1000 kwa kila milioni, au hata 1500, je, hiyo si mara elfu? Huyu amesoma namba akasahau kipimo. Hakuna anywaye lita ya dawa ya meno. Mtoto wa miaka minne huwekewa dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, ambayo ni kama robo ya gramu. Ndani ya robo hiyo, kwa dawa ya sehemu 1000, mna robo ya miligramu ya floridi. Akipiga mswaki mara mbili na akaimeza yote bila kutema hata tone, amemeza nusu miligramu. Mtoto mwenzake aliyekunywa lita moja ya maji yaliyoruhusiwa kwa kipimo kile cha mwaka 1974 alimeza miligramu 8. Ni mara kumi na sita, na huyu hakuwa na la kutema. Ni nani basi atakayetazama hesabu hii na kuamua kwamba adui ni mswaki?

Kumezuka pia habari za kutoka Marekani, na hapana budi tuzitazame, maana ndizo zinazowatia kiburi wajuaji wetu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alitumia miaka mingi kutafuta sababu, na katika kutafuta akaona jambo lisilotarajiwa, kwamba meno hayo mabaya kwa sura yalikuwa hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akaigundua floridi katika maji. Baada ya uchunguzi zaidi wataalamu wao wakaona kwamba kiasi cha miligramu moja kwa lita kinapunguza kuoza bila kuharibu sura, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuitia floridi katika maji ya bomba. Mwaka 2024 idara moja ya utafiti ya serikali yao ikatoa taarifa kwamba watoto wanaokunywa maji yenye floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita wameonekana kuwa na alama za chini katika vipimo vya akili. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yakapiga marufuku kutia floridi katika maji ya umma.

Sasa tazama vile wasomi wetu wanavyoitafsiri habari hiyo. Ugomvi wa Wamarekani ni juu ya maji. Hakuna sheria hata moja kati ya hizo mbili iliyoiondoa dawa ya meno yenye floridi madukani, na madaktari wao wa pande zote mbili za ugomvi wanaendelea kuwaambia watu wapige mswaki kwa dawa hiyo. Sisi hatuna mji unaotia floridi katika maji. Sisi tuna maji ambayo Mwenyezi Mungu aliyatia floridi mwenyewe, kupita kipimo. Kama taarifa ile ya mwaka 2024 ina funzo kwetu, basi funzo lenyewe ni kwamba kazi ya Ngurdoto ni ya haraka kuliko tulivyodhani, na kwamba mtoto wa Arumeru ana haki ya maji ya miligramu 1.5 leo na si baada ya mipango mitatu. Lakini wajuaji wetu wameichukua habari ya maji ya Utah, wakairusha juu ya bahari, ikaanguka juu ya mswaki wa mtoto wa Kinondoni ambaye hajapata kuyaona maji ya Meru. Huo si usomi. Ni kasumba, yaani kuazima hata hofu zetu kutoka ng'ambo.

Na mtoto huyo wa Kinondoni ana adui wa kweli. Midomoni mwetu sote wamo vijidudu wanaoishi kwa sukari. Wakila sukari hutoa asidi, na asidi hiyo huanza kuyayeyusha madini ya gamba la jino. Mate huja baadaye yakaipunguza asidi na kuyarudisha madini. Hivyo jino hupoteza na kupata mara nyingi kwa siku, kama duka lenye kuuza na kununua. Anayekula kitu kitamu kila baada ya nusu saa halipi jino lake nafasi ya kupata tena, na siku moja tundu hutokea. Kazi ya floridi inayogusa jino kwa nje ni kuyaharakisha madini yarudi, na kuyafanya yale yaliyorudi yawe magumu zaidi kuyeyushwa na asidi. Kazi hiyo hufanyika juu ya jino, mdomoni, si tumboni. Wataalamu wa zamani walidhani floridi hufaa kwa kumezwa, na utafiti wa miongo iliyofuata ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida yake hutokana na kugusa. Fundi anayeharibu udongo wa tofali kabla halijachomwa na fundi anayepiga lipu ukuta uliokwisha kusimama hawafanyi kazi moja, hata kama mikononi mwao mna ndoo zinazofanana.

Watatuambia pia kwamba babu zetu hawakuwa na dawa hizi na meno yao yalikuwa imara. Ni kweli, na babu zetu hawakunywa soda. Mswaki wa mti ni kitu chema. Unasafisha, na anayeutumia asiuache. Lakini haukubuniwa kupigana na biskuti, barafu za rangi, juisi za pakiti na chai ya vijiko vinne. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula, na ingefaa iwe nusu ya hapo. Sisi watumishi wa umma, katika kila semina, kila warsha na kila kikao, hata kile cha kuzungumzia magonjwa yasiyoambukizwa, tunawekewa mbele yetu chupa ya soda kwa fedha za umma. Anayetaka asili airudie asili yote, aanze na hiyo chupa.

Ukubwa wa tatizo si wa kubishiwa. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, karibu nusu ya watu wote duniani. Kati yao watu bilioni mbili wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Kwetu sisi mwananchi humwona mganga wa meno pale maumivu yanapokuwa hayavumiliki, na anapofika, koleo ndiyo matibabu. Kijana wa miaka kumi na tano hung'olewa gego ambalo lingemtumikia miaka hamsini. Hakuna anayeandika barua gazetini. Tumekwisha kuzoea.

Kinachoudhi ni kwamba nchi hii ilikuwa ya kwanza kuionyesha dunia njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Jo Frencken, mganga wa meno Mholanzi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alianza pamoja na wenzake kuyatibu meno yaliyotoboka bila mashine, bila umeme na bila maji ya bomba. Walikwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha wakaziba. Saruji inayotumika siku hizi katika njia hiyo hutoa floridi kidogo kidogo ndani ya jino. Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote, na leo inafundishwa hata katika nchi tajiri. Ilizaliwa kwa ajili ya vijiji vyetu. Aende mtu leo katika zahanati ya kijiji chake aulize kama inatolewa.

Iko na nyingine, rahisi kuliko hiyo. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Osaka huko Japani, Mizuho Nishino aliandika juu ya dawa ya maji yenye siliva na floridi kwa pamoja, iitwayo siliva daiamini floridi. Siliva huua vijidudu, na floridi hulifanya gumu lile eneo lililolainika. Tone moja hutosha meno kadhaa. Hupakwa kwa kijiburashi, hakuna sindano, hakuna kukereza, mtoto halii, na mara nyingi tundu husimama hapo lilipofika. Ina kasoro moja, nayo haifichwi. Mahali palipooza hugeuka rangi kuwa nyeusi, na mzazi lazima aambiwe kabla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliijaribu katika shule za mji huo, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2023 na 2024 yalionyesha kwamba wauguzi wa shule wakiipaka, kazi yao haipungui ile ya wataalamu wa meno. Neno hilo lisomwe mara mbili na kila afisa anayejitetea kwamba madaktari wa meno ni wachache. Ni wachache kweli, na walioko wengi wako mijini. Wauguzi je?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiandika dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Liliandika humo saruji ile ya kuzibia. Na liliandika dawa ya meno ya kawaida yenye floridi ya sehemu 1000 hadi 1500 kwa milioni. Kwa maneno mengine kile kitubu kilicho karibu na karai nyumbani kwako kimo katika orodha moja na dawa za malaria na za kifua kikuu.

Lakini hebu fungua kitabu cha ushuru wa forodha. Dawa zimo katika sura ya 30. Dawa ya meno humo haimo. Imo katika sura ya 33, pamoja na manukato, poda, rangi za midomo na mafuta ya nywele. Mpangilio huo ni wa kimataifa, hatukuutunga sisi, lakini akili iliyoutunga ndiyo inayotutawala. Tunaihesabu dawa ya meno kuwa pambo. Tunaitoza kama pambo, tunaitangaza kama pambo, na mwenye mshahara mdogo akibanwa mwisho wa mwezi anaiacha kama vile mtu aachavyo pambo. Kitu kinachotengenezwa hapa Dar es Salaam, na ambacho hakuna mtaalamu wa afya anayebisha umuhimu wake, hakifai kumfikia mkulima wa Nachingwea kikiwa kimebebeshwa mzigo ule ule wa chupa ya manukato. Wabunge hupitisha sheria ya fedha kila mwaka. Jambo hili haliwahitaji waunde tume.

Wafanyabiashara nao wasijifiche nyuma yangu. Katika matangazo yao mtoto mdogo huonyeshwa na mswaki uliofunikwa dawa tangu mwanzo wa nywele zake hadi mwisho, kama mkate uliopakwa siagi. Huo ni ulafi wa kuuza, na ndio unaowapa maadui wa floridi la kusema. Mtoto asiyefikisha miaka mitatu anahitaji chembe kama punje ya mchele, kisha hadi miaka sita iwe kama njegere, na mtu mzima awe karibu yake ahakikishe anatema. Huko Arusha na kwingineko kwenye maji mabaya uangalizi huo uongezwe maradufu. Mtoto wa huko asinyimwe dawa, atafutiwe maji. Tena atakayetema asisukutue kwa maji mengi. Akisukutua, anaimwaga ile floridi aliyoinunua kabla haijafanya kazi. Wengi wetu tumefundishwa kinyume cha hivyo.

Nanyi walimu, ninyi ndio mlioifundisha nchi hii kunawa mikono. Kila asubuhi mstarini mnakagua kucha, nywele na kola za mashati. Ni shule ngapi ambako mwalimu humwambia mtoto afungue kinywa? Katika Uskoti, chini ya mpango uitwao Childsmile, watoto wa shule za awali hupiga mswaki kila siku wakisimamiwa na walezi wao. Kuoza kwa meno kumepungua, na serikali yao ilikuta kwamba fedha iliyookolewa katika matibabu imeupita gharama mpango wenyewe. Haikuhitajiwa hospitali. Vilihitajiwa miswaki yenye majina, dawa kiasi cha njegere, na mahali pa kutemea. Shule yenye ua ina mahali pa kutemea.

Kisha tazameni lango la shule. Yule mama mwenye sinia la peremende na barafu anatafuta riziki na hana kosa la kumfukuzia. Lakini shule inayompa ruhusa ya kuuza inaweza pia kumwambia auze karanga, ndizi na mihogo, na kamati ya wazazi inaweza kuliamua hilo katika kikao kimoja. Kikao ambacho, kwa mara hii, kitafanyika bila soda.